Wanaouguza Waulizwe: Majibu kwa Madai Sita

Madai haya umeyasikia. Yanatolewa kwenye warsha, kwenye vipindi vya redio, kwenye vikao vya halmashauri na hata sebuleni kwa jamaa. Yote yanaelekea sehemu moja: kwamba kupima mahitaji ya familia zinazouguza watu wenye demenshia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na akili kidogo kidogo, ni kupoteza muda na fedha. Wanaoyatoa si watu wabaya, na baadhi yao wameuguza. Nimeyasikiliza kwa makini na kuyachambua moja moja, na sijaona hata moja linalosimama. Tena yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Nitayaeleza kama wenyewe wanavyoyaeleza, kisha nitayajibu. Msomaji, wewe ndiye hakimu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachobishaniwa. Kupima mahitaji ya mtunzaji ni kumuuliza yule anayeuguza, kwa utaratibu uliopangwa na unaoweza kurudiwa, anakosa nini ili aendelee kuuguza bila yeye mwenyewe kuangamia. Huulizwa kuhusu uelewa wake wa ugonjwa, usingizi, kipato, mtu wa kumpokea, usalama, mambo ya kisheria na afya yake mwenyewe. Kwa kila eneo huandikwa jibu moja kati ya matatu: hana hitaji, ana hitaji na linatimizwa, au ana hitaji na halitimizwi. Hilo la tatu ndilo linalotafutwa. Anayepinga upimaji anapinga hilo, wala si jambo kubwa zaidi ya hilo.

Dai la kwanza: wagonjwa ni wachache, na hata hao wamezeeka tu. Wanasema Afrika ni bara la vijana, kwamba malaria na vifo vya wajawazito vina haki ya kutangulia, na kwamba bibi kusahau jina la mjukuu wake ni mambo ya umri. Takwimu zilizopo zinasema vingine. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji sita vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawachunguza wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demenshia, baada ya kusawazisha umri. Huyo ni mzee mmoja katika kila 16 hivi, na hapo tunazungumzia vijiji vya wakulima, si jiji kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huu duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sasa tazama nusu mbili za dai lenyewe. Kama kusahau huku ni uzee wa kawaida, basi wazee wote wangekuwa nako, na wagonjwa wangekuwa wengi mno. Kama wagonjwa ni wachache, basi si uzee wa kawaida, ni ugonjwa unaowapata baadhi na kuwaacha wengine. Mtu achague moja. Huko Hai, wazee kama 15 katika kila 16 hawakuwa na ugonjwa huu, na hao nao walikuwa wamezeeka.

Dai la pili: familia zetu zinatunza tayari, na kuziulizauliza kutazivunja. Hili linasemwa kwa moyo, na ninaheshimu linakotoka. Mila zetu hazimtupi mzazi. Hofu yao ni kwamba siku mhudumu atakapopiga hodi na dodoso mkononi, watoto wataanza kuuona wajibu wao kama kazi ya serikali. Lakini familia hiyo inayotunza ni nani hasa? Kwa makadirio ya WHO, asilimia 70 ya saa za kuwatunza watu wenye demenshia hutolewa na wanawake. Ukiingia ndani ya nyumba, mara nyingi utamkuta mtu mmoja: binti aliyeachika akarudi kwao, au mke wa mtoto wa kiume, au mjukuu wa kike aliyeletwa kutoka kijijini kumkalia bibi. Wengine wanatuma fedha, wanapiga simu, na wanakuja sikukuu na ushauri. Tunapoisifu familia nzima kwa kazi ya huyo mmoja, sifa zinawafikia wote na kazi inabaki kwake.

Na hiyo hofu ya kuvunja wajibu ina jibu lililopimwa. Huko New York, mtafiti Mary Mittelman na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wanandoa 406 waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demenshia. Kundi moja lilipewa ushauri uliolenga hali ya kila mtu na ya ndugu zake, kikundi cha kusaidiana, na mshauri wa kumpigia simu shida inapozuka. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliosaidiwa walikaa na wagonjwa wao nyumbani siku 557 zaidi, kwa thamani ya kati, kabla ya kuwapeleka kwenye makao ya wazee. Ni kweli kwamba New York si Moshi wala Machakos. Lakini dai tunalolipima linahusu tabia ya binadamu: kwamba ukimsaidia mtunzaji, atauacha mzigo mapema. Wale waliosaidiwa, katika mji ambao makao ya wazee yapo na wangeweza kuyakimbilia, waliendelea kuubeba kwa mwaka mmoja na nusu zaidi. Kinachovunja familia ni mtu mmoja kuachwa peke yake mpaka anaanguka.

Dai la tatu: mahitaji yanajulikana, na ni fedha. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema; mpe tu. Kwamba umaskini unazidisha kila shida, hilo sibishani nalo. Nauli ya kliniki, sabuni na pampasi za watu wazima vinanunuliwa kwa fedha. Lakini methali hiyo inamhusu mgonjwa. Sisi tunamzungumzia anayekoroga huo uji, na yeye hakuna aliyemuuliza lolote. Tuchukue fedha ambayo tayari inatolewa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wazee waliofikia miaka 70, na Zanzibar imekuwa na pensheni ya wazee wote wa umri huo tangu mwaka 2016. Fedha hiyo ni ya mzee kwa jina lake. Mzee anapofika hatua ya kutomtambua hata mwanawe, mtunzaji anahitaji kujua utaratibu wa kupokea kwa niaba yake, na anahitaji ndugu zake waamini kwamba haili fedha hiyo. Nyongeza ya kiasi haitatui lolote kati ya hayo mawili, na ugomvi wa ndugu juu ya fedha ya mzee unaweza kumchosha mtunzaji kuliko mzee mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloangusha dai hili. Wanaosema mahitaji yanajulikana hawayataji mamoja. Mwanasiasa anasema ni fedha. Daktari anasema ni mafunzo. Kiongozi wa dini anasema ni subira na maombi. Kaka anayeishi mjini anasema ni dada wa kazi. Jambo linalojulikana haliwi na majibu manne yanayotofautiana kwa kufuata kazi ya anayejibu. Kila mmoja ametaja kile ambacho yeye anaweza kutoa, na mtunzaji hajasema neno.

Dai la nne: daktari akimpima mgonjwa vizuri, amekwisha kujua hali ya mtunzaji. Mantiki yake inaeleweka. Ugonjwa ukiwa mzito, mzigo utakuwa mzito. Ukiwa mwepesi, mzigo utakuwa mwepesi. Basi faili la mgonjwa linatosha. Mantiki hii ilikutana na ushahidi zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha utafiti wa watunzaji 29 na wagonjwa wao. Walikuta kwamba uzito ambao watunzaji waliusema haukufuatana na matatizo ya tabia ya mgonjwa. Ulifuatana na idadi ya mara ambazo ndugu wengine walikuja kumtembelea mzee. Watu 29 ni wachache, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba tabia za mgonjwa nazo zinaelemea. Hata hivyo, idadi ya ziara za ndugu haiandikwi kwenye faili la mgonjwa. Wachukue wazee wawili wenye alama sawa za kumbukumbu. Mmoja anatunzwa na mabinti watatu wanaopokezana wiki. Mwingine anatunzwa na mkwe mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Kwa daktari hao ni wagonjwa sawa. Nyumbani kwao hakuna kinachofanana.

Hata wataalamu waliojaribu kumjumuisha mtunzaji ndani ya kipimo cha mgonjwa walimpa nafasi ndogo. Kipimo kimoja kinachotumika sana, CANE, kilichotoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000, kina maeneo 24 ya mahitaji ya mzee na mawili tu ya mtunzaji: taarifa anazohitaji na msongo wake wa mawazo. Kwa kumpima mzee ni kipimo kizuri. Lakini mtunzaji aliyeacha biashara yake ya genge sokoni na asiyelala usiku hawezi kuenea katika maeneo mawili. Ndiyo maana Johannes Wancata na wenzake huko Vienna walitengeneza kipimo cha mtunzaji peke yake, kilichochapishwa mwaka 2005, chenye maeneo 18 ya matatizo, na kwa kila tatizo kinauliza ni msaada gani unaofaa na kama umepatikana. Ukilinganisha mawili na 18, utaona ni mangapi yanayopotea pale mtunzaji anaposomwa kupitia faili la mtu mwingine.

Dai la tano lina nyuso mbili, na nimewasikia watu wale wale wakizivaa zote. Uso wa kwanza unasema vipimo vipo tayari: chukua dodoso maarufu la Zarit, litafsiri, jumlisha alama, kazi imekwisha. Dodoso hilo lina maswali 22, kila moja lina alama 0 hadi 4, na jumla inafika 88. Linapima jinsi mtu anavyoelemewa, na kwa kazi hiyo limefanya mema mengi. Lakini mizani inakuambia gunia lina kilo ngapi. Haikuambii ndani mna nini. Watunzaji wawili wanaweza kupata 50 kila mmoja, mmoja kwa sababu hapati usingizi, mwingine kwa sababu majirani wamemtenga. Ukiwapa wote semina ya siku moja kuhusu lishe ya wazee, umetumia fedha na hakuna uliyemsaidia. Kuelemewa ni matokeo. Hitaji ni kile ambacho kikipatikana matokeo yanabadilika. Anayepima la kwanza akadhani amepima la pili hajaanza kazi.

Uso wa pili unageuka upande mwingine: vipimo ni vya kizungu, watu wetu hawajazoea kuhojiwa, watajibu kwamba mambo yote ni sawa. Hapa kuna ukweli nusu, na tuutazame kwa karibu. Mkute mama mmoja uani, mumewe na wifi yake wamekaa hapo hapo. Muulize kama kumtunza mama mkwe kunamwelemea. Atajibu, "Tunamshukuru Mungu." Angesema nini kingine mbele ya wifi? Sasa mkute peke yake akichambua mboga, umuulize jana usiku mama aliamka mara ngapi. Atahesabu kwa vidole. Saa nne alitaka arudishwe kwao. Saa saba alilowesha kitanda, na shuka zikafuliwa usiku huo huo kwa kuwa zipo mbili tu. Saa tisa alikuwa mlangoni akivuta komeo. Saa kumi aliamka kabisa, akataka kwenda shamba. Umeuliza kuhusu usiku mmoja, na umepata mahitaji manne ambayo kila moja lina bei na lina mtu wa kulitimiza: mtu wa kupokezana naye usiku, shuka za ziada, mpira wa kutandika chini yake, na komeo linalofungwa juu ambako mkono wa mzee haufiki. Huyu si mtu asiyeweza kuhojiwa. Aliulizwa swali baya, mahali pabaya, mbele ya watu wasiofaa.

Na kwamba kipimo kinaweza kutengenezwa kutokana na maisha ya watu wetu, hilo limekwisha kufanyika huko huko Hai. Watafiti walipoona kwamba vipimo vya kumbukumbu vilivyotungwa kwa watu waliosoma vinawaonea wazee wasiojua kusoma, walitengeneza kingine kiitwacho IDEA. Mzee anaulizwa jina la kiongozi wa kijiji, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Hakuna kalamu inayohitajika. Kama tumeweza kumtungia mgonjwa maswali yanayofanana na maisha yake, hakuna sababu ya kushindwa kwa mtunzaji, ambaye akili yake ni nzima na ana mengi ya kusema.

Tena kuna mahitaji ambayo dodoso lililotungwa Marekani au Ulaya haliwezi kuyakumbuka. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na kaunti ya Kilifi nchini Kenya zina historia ya wazee kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mama mwenye demenshia anayetoka usiku, akakutwa amesimama mlangoni kwa jirani saa tisa, akizungumza maneno yasiyoeleweka, yuko hatarini kuuawa. Anayemtunza anahitaji mwenyekiti wa kijiji aujue ugonjwa huu na awaeleze majirani mapema. Hitaji hilo ni la uhai na kifo, na kulitimiza kunagharimu mazungumzo ya jioni moja. Kama vipimo vya kigeni havina swali hilo, dawa yake ni kuliandika. Anayeitumia kasoro hiyo kama sababu ya kutouliza kabisa anamwacha mama yule yule katika hatari ile ile.

Dai la sita ndilo zito kuliko yote: usiulize usichoweza kutoa. Huduma hazipo, wataalamu wa wazee wanahesabika, bajeti imebana. Kumtaka mtu afungue moyo, kisha umwache mikono mitupu, ni ukatili. Najibu kwa hatua tatu. Kwanza, si kweli kwamba hakuna cha kutoa. Kueleza kwamba mzee hafanyi makusudi, kuitisha kikao cha ukoo ili zamu za usiku zigawanywe, kumjulisha mjumbe wa mtaa, kuonyesha jinsi ya kufunga mlango na kuficha kisu: hayo yanaweza kufanywa na mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa. WHO lenyewe limeandaa mafunzo ya watunzaji yaitwayo iSupport kwa kazi hii. Pili, gharama mnayoiogopa inalipwa tayari. WHO lilikadiria kwamba mwaka 2019 demenshia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni thamani ya kazi ya ndugu na marafiki, wastani wa saa tano za kutunza na kusimamia kwa siku. Kutopima hakufuti gharama hiyo, kunahakikisha tu kwamba analipa mtu asiyeonekana kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Tatu, na hapa historia yetu inatosha kuwa shahidi, huduma hazitangulii vipimo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza mwaka 2004. Kwa miaka mingi hapo katikati, bila dawa za kuwapa wengi wao, nchi iliendelea kupima maambukizi kwa wajawazito wa kliniki na wachangiaji damu. Kama msimamo ungekuwa "tusipime mpaka tuwe na cha kutoa", nani angejua ziagizwe dawa za watu wangapi na zipelekwe wapi? Hitaji lisilotimizwa likiandikwa huwa hoja ya bajeti. Lisipoandikwa, hubaki siri ya mtu mmoja na usiku wake.

Sasa yaweke madai haya pamoja uone yanavyogombana. La kwanza linasema tatizo ni dogo. La sita linasema ni kubwa kuliko uwezo wetu. La pili linasema familia zinajitosheleza. La tatu linasema zina hitaji linalojulikana na kila mtu. La nne linasema faili la mgonjwa linatosha kutueleza yote. La tano, kwa uso wake wa pili, linasema hatuna kipimo cha kutueleza lolote. Hoja zinazoungana kwenye hitimisho pekee, na kutofautiana katika kila kingine, huwa zimetafutwa baada ya uamuzi kufanywa.

Mwaka 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa demenshia wenye lengo kwamba kufikia 2025, asilimia 75 ya nchi ziwe zinatoa msaada na mafunzo kwa watunzaji na familia. Mwaka 2021 WHO liliripoti kwamba ni robo tu ya nchi zilizokuwa na sera, mkakati au mpango wa taifa wa kuwasaidia watu wenye demenshia na familia zao. Hatukosi watu wa kuuliza. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023, na Tanzania ina madirisha ya wazee katika hospitali zake. Ninachodai ni hiki: kila mzee anapofikishwa kliniki kwa shida ya kumbukumbu, ajulikane kwa jina yule anayekesha naye, hata kama siye aliyemleta. Aulizwe peke yake, kuhusu jana na juma lililopita, kwa maswali yaliyotungwa na kujaribiwa hapa. Kila hitaji liandikwe kama limetimizwa au la, aulizwe tena baada ya miezi sita, na jumla za wilaya zifike mezani kwa wanaopanga bajeti. Anayeendelea kupinga alete sababu nyingine. Hizi sita hazitoshi kumnyima mtu huyo swali.